Vihisi vya Gesi Vinamtaka Mtafiti wa Aina Gani?

Matangazo ya nafasi za utafiti wa baada ya uzamivu katika kampuni za vihisi vya gesi yanafanana sana. Anatakiwa mtu mwenye shahada ya uzamivu ya kemia, fizikia au uhandisi wa vifaa. Awe amewahi kutengeneza tabaka nyembamba za oksidi za metali, ajue kuchambua data, na awe tayari kukaa meza moja na watu wa uzalishaji. Muda ni mwaka mmoja hadi mitatu. Msomi aliyetoka chuoni juzi akilisoma tangazo kama hilo huamini anaitwa kwenda kubuni kifaa kitakachonusa kuliko vyote vilivyotangulia. Mara nyingi sivyo. Anaitwa kwenda kueleza kwa nini kifaa ambacho kampuni imekiuza kwa miaka kinaanza kusema uongo kikishakaa ukutani mwaka wa pili.

Nafasi hizo naziona nzuri, na kwa watafiti wengi ni bora kuliko kubaki chuoni wakizunguka kutoka mkataba hadi mkataba. Lakini uzuri wake hauko pale matangazo yanapouonyesha, na anayeingia bila kuujua huondoka na manung'uniko.

Tuanzie mbali kidogo. Wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza walishuka chini na ndege wa kanari, kwa ushauri wa mwanafiziolojia John Scott Haldane tangu mwishoni mwa karne ya 19. Ndege alizidiwa na kaboni monoksidi kabla ya binadamu, na hilo lilitosha. Ni mwaka 1986 tu ambapo uamuzi wa kuwaondoa kanari na kuweka vifaa vya kielektroniki ulitolewa. Huko Japani tatizo lilikuwa jikoni. Gesi ya mtungi ilipoenea majumbani, milipuko iliifuata. Mwaka 1962 Naoyoshi Taguchi aliomba hataza ya kihisi cha oksidi ya bati. Mwaka huohuo Tetsuro Seiyama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kyushu walichapisha makala wakionyesha kwamba tabaka la oksidi ya zinki lililopashwa moto hubadili upitishaji wake wa umeme linapokutana na gesi. Wazo ni lilelile karibu kabisa, na nchi ni ileile. Seiyama alianzisha tawi la elimu ambalo hadi leo linazaa makala kwa maelfu. Taguchi alihangaika hadi kihisi kikaweza kuuzwa, na kampuni yake, Figaro, iliyoundwa 1969, bado inauza vizazi vya kifaa kilekile.

Njia hizo mbili hazijawahi kukutana vizuri, na nafasi ya mtafiti wa kiwandani iko katikati yake.

Kanuni ya kihisi cha Taguchi ni rahisi kueleza na ngumu kuitawala. Chembe za oksidi ya bati hupashwa moto, kwa kawaida kati ya nyuzi 200 na 400 za Selsiasi. Oksijeni ya hewani hunata juu yake na kunyakua elektroni, hivyo umeme hupita kwa shida. Gesi inayoungua, kama propani au kaboni monoksidi, ikifika hapo huungana na ile oksijeni, elektroni hurudi ndani, na ukinzani hushuka. Kinachopimwa ni ukinzani huo tu. Kihisi hakijui jina la gesi. Mvuke wa pombe, dawa ya mbu ya kupulizia, moshi wa mafuta yaliyoungua kikaangoni, vyote vinaweza kushusha ukinzani uleule.

Wanafunzi wengi wa uhandisi wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala wamekutana na jambo hili bila kuambiwa. Vihisi vya MQ-2 na MQ-135 kutoka China hupatikana kwa bei ya chini, na mradi wa mwaka wa mwisho wa king'ora cha gesi jikoni umefanywa mara nyingi kiasi kwamba msimamizi anaijua ripoti kabla hajaifungua. Siku ya kuwasilisha, mtahiniwa huachia kiberiti cha gesi karibu na kihisi, king'ora kinalia, alama zinatolewa. Ni nadra kukuta mtu aliyekiacha kifaa chake kwenye jiko halisi kwa miezi sita akahesabu mara ngapi kimelia bure. Miezi sita hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Aina nyingine za vihisi nitazipitia haraka. Kuna kihisi cha kemia ya umeme, ambamo kaboni monoksidi au gesi nyingine hupoteza au kupokea elektroni juu ya elektrodi, na mkondo unaotokea, mdogo sana, hulingana na kiasi cha gesi. Hakitumii umeme mwingi na hupima vizuri, lakini ndani yake mara nyingi mna elektroliti ya asidi inayonyonya unyevu wakati wa masika na kukauka wakati wa kiangazi. Kuna ushanga wenye kichocheo, uliobuniwa Uingereza kwa ajili ya migodi, ambao huunguza gesi kidogo na kupima joto linalotokana. Kuna vihisi vya mwanga wa infraredi, ambavyo hutumia ukweli kwamba hewa ukaa humeza mwanga wenye urefu wa wimbi wa takriban mikromita 4.26 na methani mikromita 3.3. Na kuna njia ya mwanga na sauti. Alexander Graham Bell aligundua mwaka 1880 kwamba mwanga unaokatwakatwa hufanya maada itoe sauti. Zaidi ya karne moja baadaye, kampuni kama Sensirion ya Uswisi na Infineon ya Ujerumani zimeifinya kanuni hiyo ndani ya kifaa kidogo chenye maikrofoni, kinachopima hewa ukaa chumbani.

Yote haya yanajulikana. Basi kampuni inamtakia nini mtu wa uzamivu?

Kwanza, kuhama kwa kipimo. Kihisi kinachoonyesha namba sahihi leo huonyesha namba nyingine mwakani kwa gesi ileile, kama mizani ya sokoni inayopunguza gramu chache kila mwezi bila muuzaji wala mnunuzi kuona. Sababu ni nyingi na huingiliana. Chembe za oksidi zikikaa kwenye moto muda mrefu huungana na kukua, na eneo la kupokea gesi hupungua. Waya wa kupasha joto huchakaa. Maji ya hewani huacha mabaki ya kikemia juu ya chembe na kuziba nafasi za oksijeni. Mbaya kuliko zote ni mvuke wa silikoni, ambao hutoka kwenye gundi za kuzibia madirisha, dawa za kung'arishia samani na hata vipodozi vya nywele. Ukifika juu ya sehemu ya moto hugeuka tabaka la silika, yaani kioo, na kihisi hufa kikiwa bado kinawaka taa ya kijani. Kwa king'ora cha usalama hakuna hitilafu mbaya zaidi ya hiyo: kifaa kinaonekana kizima, na mwenye nyumba analala kwa amani.

Chuo hakiwezi kulichunguza hili vizuri, na si kwa uzembe. Uzamivu ni miaka mitatu au minne, na mwaka wa kwanza huishia kwenye kujenga mitambo. Hakuna mwanafunzi anayeweza kusubiri miaka mitano aone kihisi kinavyozeeka. Ndiyo maana seti moja ya data iliyokusanywa Chuo Kikuu cha California, San Diego, yenye vipimo 13,910 kutoka kwa vihisi 16, gesi sita na kipindi cha miezi 36, imetumiwa tena na tena na watu wa kompyuta kujaribu mbinu za kurekebisha kuhama huko. Ni data njema. Lakini taaluma nzima ikilazimika kurudi kwenye kisima kimoja, hiyo ni dalili ya ukame. Kampuni kongwe, kwa upande wao, zina rekodi za vihisi vilivyowashwa mwaka hadi mwaka, na sehemu ndogo tu ya rekodi hizo huonekana kwenye karatasi za maelezo ya bidhaa. Kwa macho yangu, kuingia mahali penye rekodi hizo ndiyo zawadi kubwa kuliko mshahara.

Pili, makala za kitaaluma na kiwanda havipimi kitu kimoja. Fungua jarida lolote la vihisi utakuta tabaka jipya la nano, limewekwa kwenye hewa kavu ya maabara, likapewa ethanoli ya sehemu 100 kwa milioni, na likaitikia kwa ukubwa wa kusisimua. Mara chache huambiwa lilivyofanya katika unyevu wa asilimia 80, wala kama vipande 50 vilivyotengenezwa siku moja vilifanana. Kwa kiwanda, kipande kimoja kinachong'aa hakina thamani. Kinachotakiwa ni vipande laki moja vinavyofanana, kila kimoja kikigharimu kidogo, na ikiwezekana vigeziwe kwa pamoja, kwa kuwa ugezi, yaani kulinganisha kifaa na gesi yenye kipimo kinachoaminika, hula muda na pesa nyingi kuliko msomi anavyodhani.

Tatu, viwango. Hapa mtafiti kijana hupata mshtuko wake wa kwanza. Chukua kiwango cha Ulaya cha EN 50291 kwa ving'ora vya kaboni monoksidi majumbani. Kwa sehemu 300 kwa milioni, king'ora lazima kilie ndani ya dakika tatu. Kwa sehemu 100, kilie kati ya dakika 10 na 40. Kwa sehemu 50, kati ya dakika 60 na 90. Kwa sehemu 30, kisilie kabla ya dakika 120. Ndiyo, kiwango kinakiamuru kifaa kinyamaze. Kimefuata jinsi mwili unavyojazwa na sumu hii, ambayo inategemea kiasi na muda pia. Kimekumbuka vilevile kwamba king'ora kinacholia ovyo hutolewa betri na mwenye nyumba mwenyewe. Mwanasayansi aliyefundishwa kwamba wepesi wa kuhisi ndiyo sifa kuu inabidi ajifunze upya.

Soko nalo linabadilika, na mabadiliko yake ndiyo yanayofungua nafasi mpya. Hidrojeni inayotajwa kuwa nishati safi huwaka ikifika asilimia 4 hewani na huendelea kuwaka hadi zaidi ya asilimia 70. Haina rangi wala harufu, na molekuli yake hupenya mahali ambapo gesi nyingine hazipiti. Methani imekuwa suala la kisheria: Ahadi ya Dunia ya Methani ya mwaka 2021 inalenga kupunguza utoaji wake kwa asilimia 30 ifikapo 2030, na mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni inayozilazimisha kampuni za mafuta na gesi kutafuta na kuziba mivujo. Viyoyozi navyo vinaingia katika habari hii. Gesi za zamani za kupoozea ziliharibu tabianchi, na baadhi ya zilizochukua nafasi yake, kama R-32, zinaweza kuwaka, kwa hiyo viwango vya usalama vinataka vifaa vingi viwe na kihisi cha kuvuja ndani yake. Hayo ni mamilioni ya vihisi vitakavyokaa gizani ndani ya mashine miaka kumi na zaidi bila mtu kuvigusa. Tatizo la kuzeeka limerudi tena, kwa sura nyingine.

Hewa ya mijini ndiyo ngumu kuliko zote. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha mwongozo wake wa nitrojeni dayoksaidi kwa mwaka kutoka mikrogramu 40 hadi 10 kwa mita ya ujazo. Mikrogramu 10 ni takriban sehemu tano kwa bilioni. Kihisi cha bei nafuu cha kemia ya umeme kinaweza kuihisi gesi hiyo, ila mabadiliko ya joto na unyevu ya mchana mmoja, pamoja na ozoni iliyo jirani, yanaweza kukipotosha kwa kiasi kinacholingana na hicho kinachotafutwa. Ulaya imeandika waraka wa kiufundi wa kuvipanga vihisi hivi kwa madaraja, CEN/TS 17660-1 wa mwaka 2021, na California Kusini ina kituo cha kuvijaribu tangu 2014. Wanaoandika kwamba akili bandia itamaliza tatizo wanastahili kuulizwa walifundisha mfumo wao katika mji gani na wakaujaribu katika mji gani. Mfumo uliofunzwa kwenye baridi ya Uingereza haujui vumbi la Kampala.

Hapo ndipo Afrika Mashariki inapoingia kwa haki. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza mradi wa AirQo mwaka 2015. Kifaa chao hupima hasa chembe za vumbi na moshi, si gesi, lakini walichokipitia ni darasa kwa fani nzima: kutengeneza kisanduku kinachostahimili vumbi, joto na umeme unaokatika, kukifunga hata kwenye bodaboda, na kukilinganisha na mtambo wa rejea uliopo palepale.

Mfano mwingine unanigusa zaidi. Pembezoni mwa Ziwa Kivu, hasa kuzunguka Goma na Sake, hewa ukaa hutoka ardhini penye volkano na, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hulala mabondeni. Wenyeji huita mahali hapo mazuku. Mbuzi hufa humo, watoto hufa, na aliyeshuka kumwokoa mwenzake hufa pia. Hewa ya kawaida ina hewa ukaa ya takriban sehemu 420 kwa milioni. Ndani ya mazuku kiasi hupanda hadi asilimia kumi kadhaa. Kuihisi gesi kwa wingi huo si kazi, kihisi cha infraredi cha kawaida kinatosha kabisa. Hakuna haja ya nano wala makala mpya. Kinachokosekana ni kifaa kinachoweza kukaa nje kwenye mvua na majivu ya volkano ya Nyiragongo, kikatumia umeme mdogo, kisitamanishe mwizi, kikampa mama anayekwenda shambani ishara asiyoweza kuikosea. Mtafiti aliyekulia Goma, Bukavu au Gisenyi anaweza kuandika mahitaji ya kifaa hicho kwa siku moja, na hakuna maabara ya Zurich itakayoyaandika kwa niaba yake.

Kwa jikoni za mijini hali ni ileile. Tanzania imejiwekea lengo la asilimia 80 ya wananchi kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na gesi ya mtungi ina sehemu kubwa katika mpango huo. Propani huanza kuwaka ikifikia takriban asilimia 2 ya hewa, na gesi hii huzama sakafuni, tofauti na methani inayopanda. King'ora kilichobandikwa darini kwa kufuata mchoro wa nyumba za Ulaya zenye gesi ya bomba hakitamsaidia aliyeweka mtungi chini ya meza. Hapa tunazungumzia ujuzi wa mahali, na kampuni inayotaka kuuza huku inauhitaji, hata kama bado haijaandika hivyo kwenye tangazo lake.

Sasa mkataba wenyewe. Sura zake kubwa ni tatu. Kuna kuajiriwa moja kwa moja na kampuni kwa muda maalumu, ambako kila utakachobuni kwa kawaida ni mali ya mwajiri. Kuna ubia wa pande tatu, kama mpango wa KTP wa Uingereza ulioanza 2003, ambamo mtaalamu huajiriwa na chuo lakini hufanya kazi ndani ya kampuni. Na kuna ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya, ulio wazi kwa watu wa mataifa yote, ambao kampuni inaweza kuwa mwenyeji wake, na ambao chini ya mpango wa utafiti wa Horizon Europe unaruhusu pia kuongeza hadi miezi sita katika taasisi isiyo ya kitaaluma. Kwa mtu wa Nairobi au Mwanza asiyekuwa na jamaa kwenye tasnia hii, mlango wa tatu ndio mpana zaidi, ingawa ushindani wake ni mkali na andiko lake huchukua miezi.

Manung'uniko makubwa huhusu kuchapisha. Hataza hutaka uvumbuzi uwe haujatangazwa, hivyo kampuni itakuzuia kuandika mpaka maombi yapelekwe, na siri za uzalishaji hazitaandikwa kamwe. Anayepanga kurudi chuoni kugombea uhadhiri anaweza kujikuta ana miaka mitatu mitupu kwenye wasifu wake. Hilo ni kweli na halipaswi kufichwa. Ila lina upande wa pili: hataza yenye jina lako kama mvumbuzi ni ushahidi, na Ujerumani, kwa mfano, ina sheria ya mwaka 1957 inayompa mfanyakazi haki ya malipo kwa uvumbuzi ambao mwajiri wake ameuchukua. Vyuo vyetu vinapaswa kujifunza kuihesabu kazi ya namna hiyo wakati wa kupandisha watu vyeo. Kamati inayokubali makala kumi za ethanoli kwenye hewa kavu na kuikataa hataza moja ya kihisi kilicho sokoni imekosea hesabu.

Kwa hiyo, ndugu msomi, ukialikwa kwenye usaili wa kazi kama hii usikae ukisubiri kuulizwa tu. Uliza wana data za kuzeeka za miaka mingapi na kama utaruhusiwa kuziona. Uliza ni nani anayeamua lini unaweza kuchapisha, na kwa muda gani anaweza kukuzuia. Uliza kama jina lako litakuwa kwenye hataza. Uliza bidhaa zao zimejaribiwa wapi nje ya Ulaya, Japani na Marekani, na wakijibu kwamba hazijajaribiwa, waambie utakayojaribu kwanza na mahali utakapoanzia. Majibu hayo yaandikwe kwenye mkataba kabla hujaweka sahihi.